Sheria Iliyopatikana Mahali Pasipo na Kani

Vitabu vya fizikia humsifu Coulomb, Mfaransa, kwa kuthibitisha mwaka 1785 kwamba kani ya umeme hupungua kwa mraba wa umbali. Anastahili, lakini ushahidi ulio madhubuti kuliko wote haukutoka kwenye mzani wake. Ulitoka mahali ambapo uga wa umeme haupo kabisa. Mwaka 1755 Benjamin Franklin alieleza jinsi alivyoteremsha kijipira cha kizibo, kwa uzi wa hariri, ndani ya kopo la fedha lenye chaji. Nje kilivutwa, ndani kilitulia tu, na sababu hakuijua. Joseph Priestley alirudia jaribio hilo, na mwaka 1767 akakumbusha hesabu ya Newton: ndani ya gamba la tufe mivutano ya graviti kutoka pande zote hubatilishana, maana hufuata kinyume cha mraba wa umbali. Je, umeme nao haufuati sheria hiyohiyo?

Atakayepinga atasema kopo si tufe, na kutoona kitu si kuthibitisha kwamba hakipo. Pingamizi zote mbili ni za haki, na Henry Cavendish alizijibu mnamo 1773. Alifunika tufe la kipenyo cha inchi 12.1 kwa nusutufe mbili, akaviunganisha kwa waya, akatia chaji, akauondoa waya kwa uzi wa hariri, akafungua nusutufe, kisha akalisogezea tufe la ndani vijipira viwili vyepesi. Havikuachana. Wengi wangeridhika hapo. Yeye alilipa tufe chaji ndogo makusudi, akahakikisha kwamba hata sehemu moja ya 60 ya chaji ya nje ingeonekana. Ndipo akakokotoa kwamba kipeo cha umbali hakitofautiani na 2 kwa zaidi ya sehemu moja ya 50.

Kweli, hakuchapisha; mwanafizikia Maxwell ndiye aliyeitoa kazi hiyo mwaka 1879. Kwa hiyo Coulomb hakuiba chochote. Lakini anayepima kani hubeba makosa ya umbali na ya pembe, na kuhusu msukumano Coulomb alitoa vipimo vitatu tu. Anayetafuta sifuri huhitaji chombo chenye hisia kali zaidi, basi. Ndiyo maana njia ya Cavendish ilidumu: Maxwell alifikia sehemu moja ya 21,600, na mwaka 1971 Williams, Faller na Hill, Wamarekani, wakitafuta volti ndani ya magamba yaliyofungwa, walikuta tofauti yoyote, kama ipo, ni ndogo kuliko sehemu moja ya trilioni.