Skapulari ya Bakanja

Wengi wetu twafanya kazi chini ya mabwana wasiosali. Tumkumbuke basi Isidore Bakanja, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Mapadri Watrapisti walimbatiza tarehe 6 Mei 1906, alipokuwa msaidizi wa waashi huko Mbandaka. Baadaye akawa boi huko Ikili, katika nyumba ya kumpani ya biashara. Sheria ilikuwako: Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 uliahidi uhuru wa dhamiri kwa wenyeji kama kwa wageni. Lakini Berlin ni mbali na Ikili! Msimamizi aliwachukia wamisionari, kwa kuwa walifichua maovu wanayotendewa watu. Akamwamuru Bakanja avue skapulari. Vipande viwili vidogo vya nguo, tena havikuzuia kazi yoyote. Bakanja hakuvua. Akapigwa zaidi ya mara 100 kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, hata mgongo ukawa kidonda kimoja.

Akamsamehe, akaahidi kumwombea mbinguni. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, rozari mkononi, skapulari shingoni.