Makerere kwa macho ya mtu wa pamba

Bariadi haina mji mkongwe. Mgeni akitaka kuonyeshwa mahali pa kale, mwenyeji atakuna kichwa, kisha atampeleka sokoni au kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Si kosa letu. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, na zamani za Mwingereza mtu wa Ntuzu, eneo letu hili, mwenye shauri la serikali alifunga safari kwenda bomani Maswa. Habari za chuo kikuu ndiyo kabisa: Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kimefungua kampasi yake mkoani kwetu juzi tu.

Sasa mtu wa huku anayetaka kuutembelea mji wa chuo kikuu wenye umri aende wapi? Wengi watamwambia Dar es Salaam. Mimi namwambia Kampala. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwa darasa la sheria lenye wanafunzi wasiofika 15, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na hakikuhamia Mlimani hadi mwaka 1964. Wakati huo Makerere ilikuwa imeshatimiza miaka arobaini. Isitoshe, kwa watu wa Kanda ya Ziwa Makerere haikuwa ugenini. Ndiko ngazi ya elimu ilikoishia.

Ngazi yenyewe ilikuwa ndefu. Kijana wa Usukumani aliyefaulu sana alipelekwa shule ya serikali ya Tabora. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ilikamilika mwaka 1928, na kwa upande wetu kituo kilikuwa Malampaka. Aliyepenya Tabora alipanda treni tena hadi Mwanza, akaingia melini na kulivuka ziwa. Mtemi Kidaha Makwaia wa Usiha, jirani zetu wa Shinyanga, alisoma Tabora, Makerere na baadaye Oxford; mwaka 1945 alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Leo msafiri anapita juu ya Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, anashika njia ya Geita na Bukoba, anavuka mpaka Mutukula, na Masaka ikishapita Kampala haiko mbali.

Anzia Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere. Huo ndio mtaa wa wanafunzi: boda boda, maduka ya kutoa nakala, na wakaanga rolex, yaani chapati iliyokunjwa na mayai. Ukipanda na kupita lango utalikuta Jengo Kuu lenye mnara wa saa, lililomalizika mwaka 1941, na mbele yake uwanja wa nyasi ambako mahafali hufanyika. Usidanganywe na sura yake. Liliungua usiku wa Septemba 20, 2020, likajengwa upya kwa kufuata umbo la zamani na kufunguliwa tena Oktoba 2024. Wapo wanaonung'unika kwamba ukale wake umepotea. Makaburi ya Kasubi, ng'ambo ya bonde, nayo yaliteketea mwaka 2010 yakajengwa tena, na Waganda wanaendelea kuyaheshimu vilevile. Sioni kwa nini saa na vigae vya Mwingereza vidai heshima zaidi ya paa la nyasi la makabaka, wafalme wa Buganda.

Chuo kilianza mwaka 1922 kwa vijana 14 waliofundishwa useremala, uashi na ufundi wa mitambo. Tume ya De La Warr ilipopita mwaka 1937 ilipendekeza kikuzwe kiwe chuo cha juu cha Afrika Mashariki nzima, na mwaka 1949 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha London. Haya yameandikwa kwenye kila kipeperushi. Yasiyoandikwa kwa herufi kubwa ni habari za ardhi, na hapo ndipo mtu wa Simiyu anapopaswa kusimama na kutazama.

Chuo cha Afrika Mashariki nzima kilihitaji eneo kubwa, na kilima kilikuwa Buganda, ambako Mkataba wa 1900 ulikuwa umegawa ardhi kwa hati kwa Kabaka, machifu na wakubwa wengine. Kuongeza chuo kulikuwa na maana ya kuchukua ardhi ya Waganda, tena wakati ambapo wengi waliamini kwamba Wazungu wakipewa shamba moja watataka na la pili. Januari 1945 ghasia zilikuwa zimetikisa Buganda hadi Katikiro, yaani waziri mkuu, Samwiri Wamala akaondolewa. Aliyerudishwa kwenye kiti hicho ni Martin Luther Nsibirwa, aliyewahi kukikalia tangu mwaka 1929 hadi 1941, mtu aliyeonekana na wengi kuwa karibu mno na Waingereza.

Septemba 4, 1945 Lukiiko, bunge la Buganda, lilipitisha sheria ya kuruhusu ardhi ichukuliwe kwa manufaa ya umma, na Makerere ndiyo iliyokuwa ikisubiri. Nsibirwa alikuwa ameisimamia. Kesho yake asubuhi alikwenda kusali katika kanisa kuu la Namirembe, kilima cha jirani, akapigwa risasi kwenye ngazi za kanisa akafa.

Siyo rahisi kuchagua upande katika kisa hiki. Bila ardhi ile, vijana wa Tanganyika na Kenya wasingepata mahali pa kusomea, na Nsibirwa alilitambua hilo. Lakini hofu ya waliompinga haikuwa ya kijinga. Kwetu pia serikali ya kikoloni ilikuja na maneno ya manufaa ya umma: punguza ng'ombe, lima matuta, hama hapa panahifadhiwa. Mzee wa Meatu au Itilima anayeishi kando ya Pori la Akiba la Maswa, lililotangazwa mwaka 1962, hahitaji kufafanuliwa kwa nini mtu huogopa anaposikia kwamba ardhi inatakiwa kwa faida ya wote.

Na pamba nayo imo. Uganda ya ukoloni iliishi kwa pamba kabla ya kahawa kushika nafasi, na wakulima wake walilalamika kuhusu bei na kuhusu viwanda vilivyokuwa mikononi mwa wengine. Katika ghasia za Aprili 1949 mojawapo ya madai lilikuwa wachambue pamba yao wenyewe. Miaka michache baadaye wakulima wa Usukumani walichoshwa na mizani ya wanunuzi, wakaweka wapimaji wao, na chini ya uongozi wa Paul Bomani mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, uliokuja kuhesabiwa miongoni mwa mikubwa barani Afrika. Kwa hiyo ukisimama mbele ya Jengo Kuu ukajiuliza kodi ya serikali iliyoijenga Makerere ilitoka wapi, jibu unalijua toka shambani kwenu.

Mwaka huohuo wa 1945 ulikuwa na mengi kilimani. Julius Nyerere alikuwa akimalizia masomo yake ya ualimu aliyoyaanza mwaka 1943. Ni hapa yeye na wenzake walipounda chama cha ustawi cha Watanganyika kabla ya kujiunga na chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA. Na ndio mwaka walipoingia wasichana sita wa kwanza. Mmoja wa wanafunzi wa kike wa mwanzo, Sarah Nyendwoha, alitaka kusoma hesabu. Mwalimu akagoma kumfundisha kwa sababu ni mwanamke. Akabadili somo, akaenda Oxford, na mwaka 1954 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada huko. Baadaye aliolewa na mchoraji Sam Ntiro wa Kilimanjaro, mwanafunzi na mwalimu wa shule ya sanaa ya Makerere iliyoanzishwa na Margaret Trowell. Shule hiyo ipo, na ni bora uitembelee kuliko kupiga picha ya kumi ya mnara wa saa.

Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana hapa, wakiwemo Chinua Achebe na Wole Soyinka, na Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa bado mwanafunzi. Mwaka huohuo Benjamin Mkapa alihitimu. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, muungano uliodumu hadi mwaka 1970. Kisha akaja Amin. Makamu Mkuu wa Chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa mwaka 1972 na hakuonekana tena. Kuanzia hapo mtoto wa Bariadi mwenye alama nzuri alielekeza macho Mlimani, na njia ya meli kutoka Mwanza ikabaki simulizi ya wazee.

Kabla hujaondoka pita kwenye mabweni. Lumumba la wavulana na Mary Stuart la wasichana wana udugu wao, wanajiita Lumbox, na siku za uchaguzi wa serikali ya wanafunzi utawasikia kutoka Wandegeya. Bweni lililoitwa Northcote, kwa jina la Mwingereza, sasa linaitwa Nsibirwa. Mtafute kijana wa hapo umuulize mwenye jina hilo alikuwa nani. Akikujibu vizuri, mwombe akuelekeze njia ya miguu ya kwenda Namirembe. Ni mwendo mfupi. Akianza kukusimulia walivyowashinda Lumbox mpirani, mnunulie rolex, kisha msimulie wewe.