Dizeli Chafu, Changamwe na Moshi wa Mlolongo

Januari 2025 ilipita bila hotuba wala keki, ingawa ilitimiza miaka kumi tangu Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zianze kutumia kiwango kipya cha dizeli: salfa isizidi sehemu 50 kwa kila milioni. Watu wa Mlolongo na Athi River, kaunti ya Machakos, ambao malori ya Mombasa huwapitia mlangoni usiku na mchana, walistahili angalau kukumbushwa.

Machakos haichimbi salfa. Hapa Kenya huonekana kama utando wa njano kwenye matundu ya mvuke ya Bonde la Ufa, kwa mfano Olkaria. Viwanda vya saruji vya Athi River huitumia ikiwa ndani ya jasi, inayosagwa pamoja na klinka ili saruji isigande kabla fundi hajaitandaza. Lakini salfa iliyowaingia watu kifuani ilikuja ndani ya mafuta.

Ikiwa peke yake, salfa haina harufu ya maana. Ichome, itawaka kwa mwali wa buluu na kutoa dioksidi ya salfa, gesi inayokaba koo na kuwatesa wenye pumu. Ikikutana na unyevu hugeuka asidi, ambayo hula vyuma vya injini. Salfa pia huharibu vifaa vya kusafisha moshi, hivyo lori la kisasa likijazwa dizeli chafu huishia kutoa moshi kama lori kuukuu.

Kenya iliwahi kuruhusu hadi sehemu 10,000. Sababu kubwa ilikuwa Changamwe.

Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilifunguliwa mwaka 1963, kikiwa cha Shell na BP. Serikali ikachukua nusu ya hisa mwaka 1971. Kwa miaka mingi kampuni za mafuta zililazimishwa kupitishia hapo sehemu ya mafuta ghafi ziliyoagiza kutoka Ghuba, zipende zisipende. Mitambo ilikuwa ya zamani na haikuweza kuiondoa salfa ipasavyo. Kazi hiyo huhitaji hidrojeni, inayoivuta salfa kutoka kwenye dizeli. Kwingineko salfa hiyo hukusanywa na kuuzwa kwa watengenezaji wa asidi na mbolea.

Mwaka 2009 Essar ya India ilinunua nusu iliyokuwa ya Shell, BP na Chevron, ikiahidi kukikarabati kiwanda. Hesabu za ukarabati zikapita dola bilioni moja. Wauzaji wa mafuta wakalalamika kwamba mafuta ya Changamwe yalikuwa ghali kuliko yaliyosafishwa ng'ambo, na mwaka 2012 kiwanda kilipoanza kujinunulia mafuta ghafi na kuwauzia bidhaa, walisita kuzichukua. Wao walilia bei, kiwanda kikalia soko, serikali ikawa katikati na hisa zake. Septemba 2013 usafishaji ukakoma. Oktoba Essar ikatangaza kuondoka.

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, lilikuwa limepigania mafuta safi tangu 2002, na sifa hiyo ni yake. Hata hivyo, nathubutu kusema kilichoifungulia njia dizeli safi ni ugomvi wa pesa. Changamwe ilipozima moto, hapakubaki kiwanda cha nyumbani cha kulindwa, na Kenya ikaagiza kiwango ilichotaka.

Baada ya hapo habari ni chache: mwaka 2018 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa kuwabana waliokuwa wakiyachanganya na dizeli.

Dizeli imesafishwa, injini kuukuu zimebaki. Kanuni za ubora wa hewa zinaruhusu moshi wa magari upimwe, ila utekelezaji wake barabarani ni wa kutafuta kwa tochi. Pale Mlolongo malori tayari husimama kwenye mizani kupimwa uzito. Mamlaka ya mazingira, NEMA, na ile ya barabara kuu, KeNHA, ziweke hapohapo kipima moshi, na lori linalofuka lirudishwe gereji kabla halijaingia Nairobi.