Kuni, pistoni na mgongo wa mama

Leo tuiache kompyuta kidogo tuzungumzie kuni. Msicheke! Aliyewahi kupewa shoka butu na gogo la mkaratusi lenye vifundo anajua kwamba hapa pana teknolojia.

Kazi ya kuni ina sehemu mbili: kuchanja na kubeba. Je, gogo lipelekwe kwenye mashine, au mashine ifuate gogo? Karibu nusu ya uzito wa gogo bichi huweza kuwa maji. Likichanjwa palepale lilipoangukia hukauka upesi, na mzigo hupungua.

Nguvu ya kuchanja ilipatikana zamani. Mwaka 1795 Joseph Bramah wa Uingereza alipata hataza ya mashine inayosukumwa na maji yaliyofungiwa ndani ya silinda. Piga hesabu: pistoni yenye upana wa sentimita 10, ikisukumwa na mafuta yenye shinikizo la baa 200, hutoa nguvu ya takribani tani 16. Iweke kabari ya chuma mbele yake, gogo halina ujanja.

Shambani nguvu hiyo ililetwa na trekta. Trekta ya Harry Ferguson, TE20, ilianza kutengenezwa Coventry mwaka 1946 ikiwa na pampu ya haidroliki ndani yake. Iliuziwa msumeno wa duara wa kukatia kuni, na trela lililoinuliwa na mafuta hayohayo kumwaga mzigo. Trekta ileile ilikata, kisha ikabeba.

Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, Wamarekani wengi walirudia majiko ya kuni. Mashine ndogo za kuchanja, zenye magurudumu na za kuvutwa nyuma ya pikapu, zikapata wateja. Wengine waliinua gari kwa jeki, wakatoa gurudumu la nyuma na kufunga koni yenye nyuzi kama za skrubu. Koni ilijichimbia ndani ya gogo mpaka likapasuka. Ole wake aliyevaa shati pana!

Na huku kwetu Kenya? Kijijini, mama bado anainama njiani na mzigo mgongoni, kamba ikimkata kwenye paji la uso. Sisi waandika programu tunajua kwamba ukiharakisha sehemu isiyochelewesha kazi, hujasaidia kitu. Kwa hiyo mimi nisingeanza na pistoni. Ningeanza na punda na mkokoteni wa magurudumu mawili.

Kwenu kuni hubebwa na nani?