Karanga za Kongwa

Wengi wamezisikia habari za karanga za Kongwa zikisimuliwa kama kichekesho, habari za Wazungu waliopanda fedha wasivune kitu. Sisi twaona yafaa zisomwe kwa makini zaidi, maana waliofanya kazi ile hawakuwa wapumbavu.

Baada ya vita kuu ya pili, Uingereza ilipungukiwa mno na mafuta ya kula. Basi mwaka 1946 Serikali yake ilituma watu watatu, mkuu wao Bwana John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa kilimo katika Tanganyika. Kwa majuma tisa waliizunguka nchi, kisha wakatoa shauri la kulima ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa katika Tanganyika. Hapakutangulia shamba la kujaribia. Ilionekana kwamba haja ya mafuta haingoji. Huko Kongwa, katika Ugogo, waliiona nafasi tele. Lakini hawakuuliza vya kutosha kwa nini wenyeji hawakuijaza nafasi ile, wala maji yako wapi.

Mwaka 1947 iliazimiwa kulima ekari 150,000. Hazikutimia hata 10,000. Mitambo mingi ilikuwa imekwisha kuchakaa vitani, na mizizi ya vichaka ikaivunja. Tena udongo wa Kongwa, mvua zikikoma, hukauka kama matofali, na karanga hushikwa humo. (Aliyepata kung'oa karanga kwa jembe wakati wa ukame anaijua taabu hiyo.)

Kila jambo hapo lilikuwa somo, na watu wa kazi hawakukawia kuliona. Walakini somo lilipofika London lilikuta ahadi zimekwisha kutolewa mbele ya Bunge, fedha zimekwisha kutumika, na njia ya reli kutoka Mtwara kwenda Nachingwea iko mbioni kujengwa. Shamba la ekari kumi likikosa, mwenyewe hubadili mbegu mwaka ujao. Lakini hawa jaribio lao lilikuwa ndiyo kazi yenyewe, nao wangekirije mbele ya watu kwamba bado wanajaribu?

Januari 1951 mpango ukavunjwa, na hasara ikahesabiwa kuwa paundi milioni 36 hivi. Ndipo mashamba yaliyosalia yakafanywa madogo, yakapimwa mazao na malisho kwa taratibu. Kongwa ikaonekana kuwa ni nchi ya ng'ombe, na ranchi iko huko hata leo. Nao Wagogo walikuwa wakifuga ng'ombe katika nchi ile tangu zamani.