Kiseyeye, Machungwa na Majani

Leo twataka kuwasimulia habari za maradhi yaitwayo kiseyeye, na jinsi mabaharia wa Ulaya walivyokufa kwa maradhi hayo muda wa miaka mia tatu, hali dawa yake ilikuwa ikiota bustanini. Habari hizi zina sehemu yake hapa kwetu pwani ya Afrika Mashariki, na huko ndiko tutakakoanzia.

Katika mwezi wa Januari, 1498, merikebu za Vasco da Gama, Mreno, ziliingia katika mto ulio karibu na Quelimane, nchi ya Msumbiji. Watu wale walikuwa wameondoka kwao tangu mwezi wa Julai uliotangulia, na chakula chao cha baharini kilikuwa biskuti ngumu na nyama ya chumvi. Huko mtoni wengi wakaugua. Mikono na miguu ikavimba, na ufizi ukaota hata ukayafunika meno, wasiweze kutafuna. Mwezi wa Aprili wakafika Mombasa. Mfalme wa mji, kabla urafiki haujaharibika, aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa, na muda si muda wagonjwa wakapata nafuu. Mmoja wa wasafiri wale aliandika habari za safari yao, naye alimshukuru Mungu kwa afya ile, akaeleza kwamba hewa ya Mombasa ni njema sana. Hewa ya Mombasa ni njema, hatukatai. Lakini kazi ile ilifanywa na machungwa.

Mwaka uliofuata walirudi kutoka Bara Hindi. Kuvuka bahari kuliwachukua karibu miezi mitatu, maana upepo ulikuwa kinyume, na watu thelathini wakafa njiani. Katika kila merikebu walibaki saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi. Walipofika Malindi, Januari 1499, nahodha alituma mtu pwani upesi kutafuta machungwa, kwa sababu wagonjwa waliyatamani mno. Tazameni jambo hili: akili zilisema hewa, lakini mwili ulikuwa ukiomba machungwa. Kwa wengi msaada ulichelewa, wakafa pale pale bandarini. Siku chache baadaye, kusini ya Mombasa, ilibidi merikebu moja, São Rafael, ichomwe moto kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Basi ingedhaniwa kwamba baada ya hayo kila nahodha angepakia malimau kama apakiavyo maji. Sivyo ilivyokuwa. Katika mwaka wa 1740 Mwingereza Anson aliondoka na watu wapatao 1,900 kuzunguka dunia. Zaidi ya elfu walikufa, wengi wao kwa maradhi, na wachache mno kwa silaha za adui. Miaka saba baadaye, mwezi wa Mei 1747, daktari James Lind katika merikebu ya vita iitwayo Salisbury aliwachukua wagonjwa kumi na wawili wa kiseyeye, akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula cha namna moja, kisha akawagawa wawili wawili. Wawili walipewa kinywaji cha matofaa, wawili matone ya asidi katika maji, wawili siki, wawili maji ya bahari, wawili dawa iliyosagwa ya vitunguu saumu na haradali, na wawili wa mwisho machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yalikwisha baada ya siku sita. Hata hivyo mmoja wa wale wawili alikuwa tayari kurudi kazini, na mwenziwe akawekwa kuwauguza wengine. Lind aliandika kitabu katika mwaka wa 1753. Jeshi la maji la Uingereza likaamuru maji ya malimau yatolewe kwa mabaharia katika mwaka wa 1795. Kati ya jaribio lile na amri hii ni miaka arobaini na minane, na hatuwezi kuhesabu makaburi yaliyotupwa baharini katika muda huo.

Lakini kujua dawa ni jambo moja, na kumfanya mtu aile ni jambo jingine. Hapa ndipo twapenda kukaa kidogo na habari za Kapteni James Cook, aliyeondoka Uingereza mwezi wa Agosti 1768 katika merikebu Endeavour. Alikuwa amepewa mapipa ya kabichi iliyokatwakatwa, ikatiwa chumvi, ikaachwa mpaka ikachacha, kama walavyo Wajerumani. Baharia Mwingereza wa siku zile alijiona mtu wa nyama. Majani aliwaachia ng'ombe. Hata nyama yenyewe aliitaka ile aliyoizoea, maana walipofika kisiwa cha Madeira wakapewa nyama mbichi badala ya ile ya chumvi, wawili waliikataa, na Cook akaamuru kila mmoja apigwe viboko kumi na viwili.

Kwa kabichi Cook alitumia njia nyingine. Hakumlazimisha mtu. Aliagiza kabichi ile iandaliwe kila siku katika meza ya maofisa, nao wote waile. Mabaharia wakaambiwa kwamba apendaye atwae kadiri atakavyo, na asiyetaka aache. Haikupita juma moja kabla mabaharia wote hawajaitaka, hata ikabidi wapimiwe ili isiishe upesi. Cook mwenyewe alieleza katika daftari lake kwamba tabia ya mabaharia ni kunung'unikia kila kigeni, hata kiwe kina faida gani, lakini wakiona wakubwa wao wanakithamini, mara hiyo kitu kile huwa bora kuliko vyote duniani. Kila bandari alipotia nanga aliwatuma watu wakachume majani mabichi ya kutia katika supu. Hakupotewa na mtu kwa kiseyeye katika safari ile. Wengi wa watu wake walikufa baadaye kwa homa na kuhara damu waliyoyapata Batavia, lakini hayo ni maradhi mengine, wala kabichi haiyaondoi.

Waingereza waliipoteza elimu hii mara nyingine tena. Katika karne ya kumi na tisa waliacha malimau, wakatwaa ndimu kutoka visiwa vyao vya West Indies, wakidhani kwamba uchachu ndio dawa. Mpishi yeyote wa pwani angewaambia kwamba ndimu na limau si kitu kimoja. Maji ya ndimu yana nguvu chache kuliko ya malimau, na yakikaa sana hata hiyo hupotea. Basi kiseyeye kikawarudia watu waliokwenda nchi za barafu za kaskazini katika mwaka wa 1875. Dawa yenyewe ilikuja kutambuliwa mwaka wa 1932, na mmoja wa walioitambua ni Albert Szent-Györgyi wa nchi ya Hungaria. Yeye husimulia katika maandiko yake kwamba jioni moja alipewa pilipili tamu za kula, asizitake, akazipeleka katika chumba chake cha kazi, akakuta zimejaa kitu kile alichokuwa akikitafuta. Ndicho kiitwacho vitamini C.

Kazi yake mwilini yafahamika. Mwili hutumia vitamini hii kufanyiza nyuzi zinazoshika nyama, ngozi, mishipa na ufizi, kama kamba zinavyoshika fito za nyumba. Ikikosekana mwezi mmoja mpaka mitatu, kamba zinalegea: damu yatoka katika ufizi, meno yanacheza, hata makovu ya zamani hufunguka. Mbuzi na mbwa hujitengenezea vitamini hii katika miili yao. Mtu hawezi, yeye hana budi kuila.

Majani ya kwetu yanayo, pamoja na mengine mazuri. Katika mwaka wa 1931 Orr na Gilks walitoa taarifa ya utafiti walioufanya Kenya kati ya Wamasai na Wakikuyu. Wataalamu wa baadaye wameikosoa, kwa kuwa watu wale walitofautiana kwa mambo mengi zaidi ya chakula. Lakini jambo moja waliloliona latuhusu: wanawake wa Kikuyu walikula majani mengi kuliko waume zao. Twadhani wasomaji wengi wamewahi kuona nyumba ambamo mchicha ni wa mama na watoto, na baba angojea nyama. Mtoto wa kiume huyatazama hayo, na akikua kidogo tu naye husukuma bakuli la mboga, si kwa sababu ulimi wake umebadilika, bali kwa sababu ameona meza ya maofisa ilivyoandaliwa.

Tena mapishi yana sehemu yake, maana majani yaliyochemshwa hata yakawa meusi ni shida kumpendeza mtu. Mchicha, matembele na majani ya maboga hayahitaji moto mrefu. Yatiwe maji yakiwa yamekwisha chemka, yaepuliwe yangali na rangi yake. Kutia nazi au karanga si anasa, kwa maana vitamini A, isaidiayo macho kuona wakati wa magharibi, huingia mwilini vema ikifuatana na mafuta. Kisamvu ni mbali. Hicho hakina budi kutwangwa sana na kuchemshwa muda mrefu ili sumu yake itoke, na katika moto ule vitamini C nyingi hupotea. Basi aliye na chungwa au papai na alile pamoja nacho. Na maji yanayobaki katika sufuria ya mchicha yasimwagwe, kwa sababu sehemu ya vitamini imeingia humo. Yatiwe katika mchuzi.