Makande, Mbiru na Jiko Lililoshuka Mlima



Kijana akioa, watu husema amepata jiko. Neno hilo tunalicheka sana kwenye shughuli zetu, huku biarusi akisuguliwa singo na mashangazi wakimwaga nasaha. Leo tunaomba tulichukue kwa uzito. Tunataka kuwasimulia wanawake wa milima ya Upare, kule Bara, ambao katikati ya miaka ya 1940 waliacha mafiga yao, wakashuka mlima kwa miguu, wakaenda kumdai mtawala wa Kiingereza utulivu wa nyumba zao. Ni historia ya siasa, lakini imeanzia kwenye chungu, na ndiyo maana tunaileta hapa.

Tuanze chini ya mlima, kwenye Ziwa Jipe. Ziwa hili liko mpakani mwa Tanzania na Kenya, chini ya milima ya Upare Kaskazini. Maji yake hutoka Kilimanjaro kwa Mto Lumi, na mengine hushuka kwa vijito vya Upare. Yakitoka ziwani hufuata Mto Ruvu hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani, na mwisho huingia katika bahari hii hii tunayoiona sisi kila asubuhi. Kwa hiyo Jipe si mbali nasi kama jina lake linavyosikika.

Hata katika karatasi za wakoloni tulikuwa pamoja. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi zetu mwaka 1886, waliliandika ziwa hili kwa jina: mpaka utoke pwani, Mto Umba, uende moja kwa moja hadi Jipe. Mapatano hayo hayo ndiyo yaliyomwachia Sayyid Barghash visiwa vyake na ukanda wa pwani wa maili 10 tu kwenda bara. Leo mpaka unapita ziwani, na waliokuwa majirani wakajikuta ni raia wa nchi mbili.

Uislamu nao ulipanda huko kwa njia za misafara, pamoja na wafanyabiashara waliotoka pwani kwenda Kilimanjaro. Hadi leo Usangi na Ugweno, juu ya milima hiyo, kuna Waislamu wengi, na katika ukoo mmoja utakuta Waislamu na Wakristo wanazikana na kuozana vizuri.

Sasa tuingie jikoni. Samaki wa Jipe, hasa perege, hupanda kwenda mlimani. Ndizi na maharage hushuka. Lakini chakula kinachotajwa mara moja ukisema Mpare ni makande: mahindi na maharage katika chungu kimoja. Sisi wa pwani tunakijua kwa jina la pure, na Wakenya wanakiita githeri. Ni chakula kimoja chenye majina matatu.

Wengi hudhani makande ni chakula cha tangu na tangu. Kumbe mahindi na maharage yote asili yake ni Amerika, na yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kupita huku, kuanzia karne ya 16. Lugha yenyewe inatunza kumbukumbu kwamba ni mgeni: tumeyaita mahindi, kana kwamba yametoka Uhindini. Kabla ya hapo bibi zetu walipika mtama, ulezi na kunde. Wanawake waliipokea mbegu ngeni, wakaijaribu shambani, wakaipima kwenye chungu, na baada ya vizazi kadhaa ikawa ndiyo chakula cha nyumbani. Hakuna mfalme aliyeamuru jambo hilo. Liliamuliwa na wapishi.

Upare kulima si kazi nyepesi. Mlimani kuna mvua, lakini bondeni ni pakavu, na Wapare kwa vizazi vingi wamechimba mifereji na kujenga ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kukingia maji ya kijito usiku, ili mchana yafunguliwe na kugawanywa mashambani kwa zamu. Watu wanaohesabu maji kwa zamu wanajua thamani ya kila kitu. Ndiyo maana watani wao huwasema kwa ubahili. Sisi tunaona ni watu waliokataa kupoteza.

Makande ni chakula cha watu wa namna hiyo. Hayataki mpishi asimame juu yake. Unayateleka, unasukumia kuni, unakwenda shambani au kuteka maji, na ukirudi yanatokota. Chungu kimoja kinalisha watoto mchana na usiku, na kiporo chake asubuhi ni kitamu kuliko yalipoivuliwa.

Kwa biarusi anayetaka kujaribu: chukua vikombe viwili vya mahindi yaliyokobolewa na kikombe kimoja cha maharage. Viloweke usiku kucha, mbalimbali. Asubuhi mwaga maji, weka mahindi jikoni kwanza kwa muda wa saa moja, kisha changanya maharage, na uache moto wa wastani mpaka vyote vilainike. Usitie chumvi mapema. Yakishaiva, kaanga kitunguu, nyanya na karoti pembeni, changanya, tia chumvi. Mwisho, wa mlimani watatia maziwa au siagi. Sisi wa visiwani mkono wetu utakwenda kwenye tui la nazi. Vyote halali, vyote vitamu.

Sasa fikiria chungu hicho kiko jikoni, na mtu wa serikali anasimama uani akikadiria mali yako.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Upare wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Waingereza walitawala kupitia machifu, na wilaya yote ya Pare, ambayo leo ni wilaya za Same na Mwanga, ilikuwa na makao yake makuu mjini Same. Juu ya kodi ya serikali iliyokuwapo, ikaletwa kodi nyingine ya kienyeji, ikapewa jina la zamani la Kipare: mbiru. Kodi ya kawaida ilikuwa sawa kwa kila mtu. Mbiru ilikuwa ya viwango: kila mtu akadiriwe mali yake, kisha apangiwe cha kulipa.

Kwenye karatasi inaonekana ni haki, aliye nacho alipe zaidi. Lakini mali ya mkulima ni nini? Ni shamba lake, ng'ombe wake na akiba yake ya chakula. Anayemkadiria anakuja mpaka uani, na anajua kila kilichomo. Na nani amempa ruhusa ya kuamua kwamba nyumba hii ina uwezo na ile haina? Wapare walisema hapana. Hawakukataa kulipa kodi kabisa, walikataa kukadiriwa.

Mwaka 1945 wanaume kwa maelfu walishuka milimani wakaenda Same, wakapiga kambi wakidai mbiru iondolewe. Hawakushika silaha. Walikaa tu. Serikali ikasubiri wachoke, nao hawakuchoka. Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyekuwa mwenyewe Mpare, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1971, na ndiyo sababu halijasahauliwa.

Lakini sisi tunataka kutazama nyuma, kule milimani, kwa waliobaki. Mume akiwa Same, mfereji ukibomoka nani anauziba? Zamu ya ndiva ikifika usiku nani anakwenda? Mtoto akiugua, mke anashauriana na nani? Kila siku ambayo mwanamume alikaa kambini, kazi yake ilibebwa na mtu nyumbani, na mtu huyo alikuwa mwanamke. Chungu kikaendelea kutokota, ila aliyekaa mbele yake alikuwa peke yake.

Hapo ndipo wanawake wa Usangi walipoamua. Mamia yao walishuka mlima na kutembea hadi Same, mwendo wa karibu kilomita 40. Wakasimama mbele ya mkuu wa wilaya, Bwana DC, wakampa mambo mawili achague. Ama amalize ugomvi huu waume zao warudi nyumbani, ama yeye mwenyewe awape mimba wote.

Tumeyaandika kwa stara kadiri tulivyoweza, dada zetu, na tunajua wengine mmeshika midomo. Lakini yasikilizeni vizuri. Hawa hawakuwa wanawake wasio na haya. Walikuwa wake za watu na mama za watu, na walimwambia mtawala jambo ambalo hakuna karani angeweza kulipuuza: umeziondoa roho za nyumba zetu, je, utazijaza wewe? Walichukua jambo la ndani kabisa la ndoa wakaliweka juu ya meza ya serikali, kwa sababu serikali ndiyo iliyokuwa imeliingilia.

Mambo hayakuisha siku hiyo. Baadaye wakubwa wa serikali walipokwenda Usangi kwenyewe, wanawake waliwazingira, mawe yakarushwa na polisi wakaingia kati. Sisi hatusifu mawe. Lakini hatimaye mbiru iliondolewa, na watu wa Upare wakarudi kwenye kodi ya kiwango kimoja. Miaka michache baadaye, mwaka 1951, hapa kwetu Unguja wakulima wa Kiembesamaki nao walisimama katika kile tunachokiita Vita vya Ng'ombe. Hasira ya mkulima anayeingiliwa uani kwake haina kabila.

Labda mtauliza, je, mwanamke Muislamu anafaa kwenda mbele ya mtawala na kulalamikia upweke wake? Tukumbuke kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.). Usiku mmoja akizunguka Madina kuangalia hali za raia wake, alimsikia mwanamke akilalamika ndani ya nyumba yake kwamba mumewe yuko mbali vitani. Umar hakumkemea. Alikwenda kwa binti yake Hafsa (r.a.), mama wa waumini, akamuuliza mwanamke anaweza kuvumilia muda gani bila mumewe. Kwa jibu lake akawawekea wanajeshi kikomo cha kukaa mbali na wake zao: baadhi ya riwaya zinasema miezi minne, nyingine sita.

Tazama tofauti. Umar alisikia kilio cha mwanamke mmoja, tena bila kuambiwa, akabadilisha utaratibu wa jeshi. Mtawala wa Same alihitaji mamia watembee kutwa. Lakini hukumu ni moja: mume kukaa nyumbani kwake ni haki ya mke, na anayetawala ataulizwa.

Nasi tuna hadithi tuliyofundishwa tangu chuoni, kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya alichokichunga. Tunaipenda kwa sababu imemtaja kiongozi wa watu, ikamtaja mwanamume kwa watu wa nyumba yake, na ikamtaja mwanamke katika nyumba ya mumewe, wote katika mafundisho hayo hayo. Mwanamke wa Usangi aliyeacha chungu chake kwa siku moja alikwenda kukitetea. Na Bwana DC naye alikuwa na zizi lake la kuulizwa.

Kwa hiyo, biarusi wetu, nasaha yetu ni hii. Utaambiwa uvumilie, na subira ni nusu ya ndoa, kweli. Lakini kuvumilia si kunyamaza huku nyumba inabomoka. Wengi wenu mtaolewa na waume wanaofanya kazi Oman, Dubai, melini au Dar es Salaam. Zungumzeni kabla ya nikah: atakaa huko muda gani, atarudi lini, matumizi yatakuja vipi, na kama wewe utamfuata. Walii wako na aulize wazi. Hilo si utovu wa adabu, ni kupanga nyumba.

Na tukumbuke Jipe. Leo ziwa lenyewe linasongwa na matete na magugu, udongo unateremka kutoka mashambani, na samaki wamepungua. Kuna aina ya perege ambayo wanasayansi wameipa jina la ziwa hilo, na sasa iko hatarini. Maana yake kuna mama mahali fulani kule bondeni ambaye sufuria yake ya samaki imekuwa nyepesi, na anatembea mbali zaidi kuliko mama yake alivyotembea. Ukiona samaki au kikapu cha mboga kutoka Bara sokoni Darajani, muombee dua aliyekilima na aliyekivua.

Ijumaa hii tia pure jikoni, au makande, uyaite upendavyo. Watoto wakiuliza ni chakula gani, wahadithie wanawake wa Usangi. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, azijaze nyumba zetu utulivu, na awape mabiarusi wetu waume wanaorudi nyumbani. Amin.